Herman Makokha Situma, Mtu wa Karatasi ya Zamu (1966–2025)

Jumatatu tarehe 2 Mei 2011, Herman Makokha Situma alikabidhiwa ufunguo wa chumba cha zamu katika ofisi ya mabasi ya Nyota Pacha, Kisenyi, Kampala. Barua aliyopewa siku hiyo, ambayo familia bado inayo, inasema angekishika chumba hicho kwa miezi mitatu, hadi mtu mwingine apatikane. Mtu huyo hakupatikana. Marehemu alikaa humo miaka kumi na tatu na miezi kumi.

Alizaliwa tarehe 2 Novemba 1966 huko Chwele, Bungoma, mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Situma Wanyonyi, fundi cherehani, na Mama Sabina Nekesa. Kibanda cha baba yake kilikuwa upande wa juu wa soko la Chwele, na Makokha alipofika miaka kumi alikuwa akipewa chaki apime. Kitambaa ambacho baba yake angekirudisha kwa mwenyewe kwa kuwa hakitoshi shati, yeye alikigeuza huku na huku, akaichora kola kwenye pengo la mkono na mfuko kwenye pembe, na shati likatoka. Mara ya kwanza Mzee Situma alifurahi. Mara ya tano aliingiwa na wasiwasi. "Wewe utatuponza," alimwambia. "Wakijua vinatosha, watazidi kuleta vifupi." Na kweli walizidi. Mama Sabina aliisimulia habari hiyo hadi alipofariki mwaka 2014, akicheka kila alipofika kwenye kola.

Alisoma shule ya msingi Chwele kuanzia 1974 hadi 1980, na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1984. Hesabu ndilo somo alilolipenda, na mwalimu wake aliandika kwenye ripoti ya mwisho kwamba kijana huyu "haachi swali wazi hata pale ambapo swali lenyewe lina kosa." Baba yake alifariki mwaka 1985. Cherehani ilibaki kwa kaka mkubwa. Makokha akapanda lori kama utingo kati ya Malaba na Kampala, akajifunza usukani humo humo njiani, na mwaka 1990 alipata leseni yake mjini Kampala. Hakurudi kuishi Chwele tena, ingawa kila Krismasi alikuja.

Mke wake, Irene Nabangala, alimpata Wandegeya, mtaa wa Kampala, kwa kusikia tu. Nabangala alikuwa akiuza kikomando, chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharagwe, kwa wanafunzi wa chuo. Adhuhuri moja mwaka 1993 mteja aliilalamikia chapati, naye Nabangala akamjibu kwa Kimasaba maneno ambayo mtu humwambia mteja pale tu anapojua hayaeleweki. Kwenye benchi la nyuma dereva mmoja wa lori alicheka mpaka chai ikamwagika. Kibukusu cha kwao Chwele na Kimasaba ni ndugu, na Makokha alikuwa ameelewa kila neno. "Mama, na mimi chapati yangu ni ngumu," alisema kwa lugha hiyo hiyo, "lakini sisemi kitu." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1994. Mungu aliwajalia watoto wawili: Nanyama, aliyezaliwa 1996, na Wekesa, 2000.

Mwaka 1996 alijiunga na Nyota Pacha kama dereva wa njia ya Nairobi, na kwa miaka kumi na mitano hakupata ajali. Mwanzoni mwa 2011 jicho la kushoto lilianza kutawanya taa za magari ya mbele, daktari akamwambia asiendeshe gizani, na kampuni ikampa ule ufunguo wa miezi mitatu.

Kazi ya chumba cha zamu ni rahisi kueleza. Kila siku mabasi matano hutoka Kampala: mawili kwenda Nairobi, moja asubuhi na moja saa moja jioni, na mengine kwenda Kigali, Juba na Mwanza. Matano mengine huwa yanarudi. Kila basi linatakiwa kuwa na madereva wawili wanaopokezana, kwa hiyo watu ishirini wako barabarani, na wengine wanane hawana budi wawe wamelala ili kesho iwezekane. Jumla ishirini na wanane. Mpangaji huandika majina, na mbele ya jina la anayefika upande wa pili huandika herufi moja: L, dereva alale huko usiku mmoja, au R, arudi na basi linalofuata. Karatasi hupigwa picha na kutumwa kwenye ofisi zote kabla ya saa nne asubuhi.

Marehemu alipoanza, madereva walikuwa arobaini na wanne. Mabasi yaliposimamishwa mwaka 2020 wakati wa maradhi ya korona, walirudi makwao, na mipaka ilipofunguliwa wengi hawakuonekana tena Kisenyi. Baadhi walikwenda Dubai na Doha kuendesha mabasi ya wafanyakazi. Baadhi walikwenda Hoima kwenye kazi za mafuta, ambako mtu huendesha mchana na jioni ana kitanda kambini. Wapya walikuwa wachache, kwa maana leseni ya basi kubwa haipatikani kwa siku moja, na aliyeipata alikuwa na pengine pa kuipeleka. Kufikia Juni 2022 walibaki ishirini na watatu.

Mabasi yote matano yaliendelea kuondoka kila siku. Makokha alimshusha dereva wa basi la Mwanza pale Masaka, akampandisha kwenye lile la Kigali lililokuwa likipita saa hiyo hiyo. Dereva wa pili wa basi lililotoka Nairobi alishuka Jinja na kungoja lile linalokwenda. Herufi R zikaongezeka, L zikapungua. Tarehe 14 Juni aliandika barua kwa wenye kampuni, akipendekeza basi la Nairobi la saa moja jioni lifutwe. Yakibaki mabasi manne, alieleza, kumi na sita wataendesha na saba watalala. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: wafanyabiashara wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, hupeleka mizigo yao kwa basi hilo, na kwa kuwa halijawahi kukosa dereva, hakuna sababu ya kulifuta. Barua hiyo aliiandika tena mara nane, akibadilisha tarehe na idadi ya madereva. Nakala zote zipo.

Alhamisi tarehe 8 Septemba 2022, basi moja liliharibika Malaba na Makokha akaenda kulishughulikia. Karatasi ya siku hiyo aliisoma kwa simu, na aliyeandika ni Ssebbowa, karani wa stendi, Muganda wa Masaka, mtu mcheshi ambaye marehemu alimpenda kama mdogo wake. Jioni ile basi la kutoka Nairobi lilijaa abiria, dereva hakuonekana. Makokha alimpigia simu Phelister, karani wa ofisi ya Nairobi.

"Opio yuko wapi?"

"Amelala," alisema Phelister. "Karatasi yenu imesema alale. Nimempa chumba tangu asubuhi, na nimemwambia mlinzi asimgonge."

Opio, dereva kutoka Tororo, alikuwa ameendesha usiku tisa mfululizo. Alilala saa kumi na sita. Basi liliondoka Nairobi kesho yake asubuhi na abiria arobaini na mmoja wenye hasira, na kesi ikasikilizwa Kisenyi mbele ya meneja wa safari, Hajji Nasser, mtoto wa familia ya wafanyabiashara Waislamu wa mjini humo, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya nyumbani.

"Mzee aliniambia Opio aludi," Ssebbowa alijieleza. "Mimi nikaandika herufi ya kwanza ya ludi."

"Rudi," alisema Hajji.

"Ndiyo, Hajji. Ludi."

"Rrrudi. Ni R, bwana."

"Hajji, hiyo L yako inanguruma tu, lakini ni hiyo hiyo."

Makokha alishindwa kujizuia. Ssebbowa akamgeukia. "Na wewe mzee usicheke. Kila siku unaniambia pasi la Nairobi, pasi la Kigali. Kuna siku nimekuletea ya kunyooshea nguo?"

Hajji mwenyewe alicheka. Ssebbowa alipewa barua ya onyo, na ingeishia hapo. Lakini Opio aliporudi alipita chumba cha zamu, akaegemea mlango. Makokha alikuja kumwambia mkewe kwamba ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kuona macho ya mtu yule yakiwa meupe.

"Mzee," alisema Opio, "kosa kama hilo mkilikosea tena Jumanne, mimi sitalalamika."

Jumanne walilikosea. Hajji Nasser hakuwa na desturi ya kuisoma karatasi. Alisomewa na Ssebbowa akinywa chai, na katika kinywa cha Ssebbowa kila L iliweza kuwa "ludi". Kwa hiyo Makokha, aliyekuwa hajawahi kuandika uongo kwenye karatasi ile, alianza kuandika L mbele ya dereva aliyechoka kuliko wote. Kampala ilisikia anarudi. Nairobi au Kigali ilisoma alale. Basi lilichelewa, abiria walilalamika, dereva alilala. Mara mbili kwa wiki, kwa miezi minne, pumziko lililokosekana kwenye mpango lilipatikana kwenye kosa la tahajia.

Ssebbowa alipata barua mbili zaidi za onyo. Makokha alitaka kwenda kwa Hajji kusema ukweli. Ssebbowa alikataa.

"Wakikufukuza wewe, nani atapanga? Mimi wakinifukuza, wamefukuza herufi tu."

Maneno hayo yalimuuma marehemu kuliko yalivyomfariji. Alimwambia Nabangala kwamba amekaa kwenye kiti ambacho hata kufukuzwa hakuruhusiwi.

Jumatano tarehe 18 Januari 2023 Ssebbowa alikwenda Masaka kumzika shangazi yake, na Hajji akaichukua karatasi mwenyewe. Aliisoma mpaka chini, kisha akamwita Makokha na kufunga mlango.

"Hii ni L ya kulala?"

"Ni ya kulala, Hajji."

"Na mimi miezi yote hii nasomewa nini?"

"Umesomewa ludi."

Hajji hakupandisha sauti. Aliikunja na kuikunjua karatasi. "Bwana Makokha, unajua mimi kila mwezi naitwa juu? Nawaambia wenye kampuni, madereva hawatoshi. Wananiuliza swali moja tu: kuna basi lililobaki stendi? Nasema hapana. Wananiambia, basi wanatosha. Wananionyesha karatasi yako, safi, kila nafasi ina jina. Unanifanya mimi mwongo."

"Unataka nifanye nini, Hajji?"

"Siku moja shindwa."

Kuanzia kesho yake karatasi ilichapwa kwa maneno kamili. ANARUDI iliandikwa tayari kwenye kila mstari, na aliyetaka dereva alale ilibidi apate saini ya Hajji, naye Hajji alikuwa ameagizwa na wenye kampuni asizidishe tatu kwa wiki.

Kushindwa hakukuwa kazi nyepesi kwake. Ilimchukua mwaka mmoja na miezi tisa kujaribu. Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, madereva wakiwa ishirini, Makokha alipanga mabasi manne na kuuacha mstari wa saa moja jioni mtupu. Alifunga chumba, akapanda boda mpaka Wandegeya, akaketi kwenye mgahawa wa mkewe saa tisa mchana. Nabangala alimtazama kama anayetazama mgeni.

"Baba Nanyama, umefukuzwa?"

"Nimeshindwa," alisema, na akaomba sahani.

Alikula polepole. Aliuliza habari za wapangaji wa jirani, akamsahihishia mwanafunzi mmoja hesabu aliyokuwa akiifanya mezani. Saa kumi na moja jioni simu ililia. Ssebbowa alikuwa stendi, akasema abiria arobaini na sita wameketi juu ya mabegi yao, mmoja ana mtoto aliyefungwa plasta mguu mzima na anatarajiwa na daktari Nairobi asubuhi. Mizigo ya Kikuubo ilikuwa imepangwa mpaka mlangoni. "Sikwambii uje," alisema Ssebbowa. "Nakwambia tu wako wangapi."

Makokha aliiweka simu mezani. Nabangala alikaa mbele yake, akaifunika kwa kiganja. "Liache lisiondoke," alisema. "Leo tu. Wewe mwenyewe ulisema."

"Yule mtoto hakusema."

Aliitoa simu taratibu chini ya kiganja cha mkewe na kumpigia Opio, aliyekuwa ameingia kutoka Juba saa sita mchana ule.

"Opio, uko wapi?"

"Niko kitandani, mzee. Si asubuhi uliniambia leo nilale?"

"Nilikuambia."

"Sasa?"

"Sasa nakuomba."

Ikasikika sauti ya mtu anayetafuta viatu. Basi liliondoka saa moja na dakika ishirini na kufika Nairobi salama. Mwisho wa mwezi Hajji aliitwa juu, akaulizwa swali lile lile, akajibu kama alivyojibu siku zote. Nabangala anasema baada ya siku hiyo mumewe hakula tena pale mgahawani mchana.

Januari 2025 Opio alikuja kuaga. Alikuwa amepata kazi Doha. Makokha alimwuliza kama ni kwa sababu ya ile simu ya Oktoba.

"Mzee, mimi sikukasirika," alisema Opio. "Lakini nikikaa hapa utanipigia, na ukinipigia nitakuja. Ndiyo maana naenda."

Wakabaki kumi na tisa. Watu kumi na tisa hawawezi kukaa kwenye viti ishirini hata wasipolala kabisa, lakini mabasi matano yaliendelea kuondoka, mengine na dereva mmoja. Mpangaji alikuwa amefika mwisho wa kitambaa na bado alikuwa akikata.

Ugonjwa ulianza kujulikana mwaka 2021, shinikizo la damu kwanza, kisha figo. Kliniki yake katika hospitali ya Mulago ilikuwa kila Jumanne ya pili ya mwezi, asubuhi. Kutoka nyumbani kwao Wandegeya ni mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu. Karatasi ya zamu nayo ilikuwa asubuhi. Kadi yake ya kliniki inaonyesha kwamba katika mwaka 2024 alihudhuria mara mbili. Mwezi wa Agosti Nabangala alikwenda mwenyewe kuuliza kama anaweza kumchukulia dawa.

"Mama, mgonjwa mwenyewe hana miguu?" aliuliza muuguzi.

"Anayo," alisema Nabangala, "ila ni ya kampuni."

Muuguzi alicheka, kisha akaacha kucheka, akamwambia amlete mtu huyo hata kwa kumburuta. Nabangala alijaribu. Alimfichia viatu, mumewe akaenda kazini na ndala. Mwishoni mwa Januari alimwita Nanyama kutoka Mbale, anakofundisha, aje amsemeshe baba yake. Nanyama alimwuliza kwa nini asimfundishe Ssebbowa kupanga. Baba yake alijibu kwamba amemfundisha miaka mitatu, na Ssebbowa anaelewa kila kitu isipokuwa namna ya kufanya kumi na tisa wawe ishirini. "Hilo halifundishiki," alisema. "Na mimi silijui. Nalifanya tu."

Februari 2025 miguu ilivimba hadi magotini. Madaktari walimpangia kulazwa Jumatano tarehe 12 Machi ili aanze kusafishwa damu. Safari hii hakubisha. Aliomba likizo ya siku ishirini na moja, ya kwanza tangu 2019, na Hajji akaikubali kwa sharti moja lililotoka juu: karatasi zote za siku hizo ziachwe zimeandikwa.

Aliziandika mwenyewe kwenye meza ya mgahawa, alasiri tatu mfululizo, kati ya sahani za wanafunzi. Nabangala alitarajia kumwona akifuta na kuandika upya, akipiga simu Masaka na Jinja, kama ilivyokuwa siku zote. Hakufuta kitu. Alasiri ya tatu alifunga kalamu jua likiwa bado juu.

"Umekwisha maliza?"

"Mara hii zilikuwa rahisi," alisema.

Alizitia kwenye bahasha ya kaki na kumkabidhi Ssebbowa, akamwagiza asiifungue kabla ya Jumatano. Jumanne tarehe 11 Machi alituma karatasi ya siku hiyo saa tatu na dakika hamsini, akatundika ufunguo, akaagana na Hajji kwa mkono. Saa saba mchana, akiwa anafunga nguo za kwenda nazo hospitali, alianguka chumbani. Nabangala na Wekesa walimfikisha Mulago ndani ya nusu saa, na madaktari na wauguzi walifanya kila walichoweza kwa siku mbili. Alifariki Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mkewe na bintiye wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Bahasha ilifunguliwa Jumatano, mwenyewe akiwa bado hai lakini hasemi. Ndani kulikuwa na karatasi ishirini na moja, na katika zote basi la Nairobi la saa moja jioni halikuwepo. Juu ya karatasi ya kwanza alikuwa ameandika kwa mkono: "Madereva 19. Wa barabarani 16. Wa kulala 3." Hakuongeza neno.

Hajji Nasser na Ssebbowa walijaribu kuurudisha mstari uliokosekana. Walikaa na simu mbili na orodha ya majina kwa siku tatu. Siku ya kwanza basi hilo lilichelewa kwa saa tatu. Siku ya pili halikuondoka. Siku ya tatu halikuondoka. "Nilidhani alikuwa akipanga watu," Ssebbowa aliwaambia waombolezaji nyumbani Wandegeya. "Kumbe alikuwa akijipanga yeye mwenyewe, anajikata vipande anaweka kila mahali."

Jumanne wiki hii Hajji aliitwa juu, akaenda na bahasha ile. Aliulizwa kama kuna basi lililobaki stendi. Alisema yamebaki mawili, na akaweka karatasi ishirini na moja mezani.

Marehemu ameacha mjane, Irene Nabangala. Watoto wawili, Nanyama na Wekesa. Mkwe mmoja, Ojera. Mjukuu mmoja, Sabina, mwenye umri wa miaka mitatu. Na ndugu watano. Ameacha pia madereva kumi na tisa wa Nyota Pacha, ambao watatu kati yao wako hapa Chwele leo, Jumamosi tarehe 22 Machi, kwa sababu zamu yao ni ya kulala na wamechagua kuitumia hivi. Opio ametuma rambirambi kutoka Doha. Mungu ampokee Baba Nanyama, ampe utulivu ambao hakujua kujipangia.

Kuanzia Jumatatu tarehe 24 Machi 2025, basi la Nairobi la saa moja jioni limefutwa. Abiria waliokwisha kukata tiketi watasafiri Jumanne saa moja asubuhi, na basi lao litakuwa na madereva wawili.